Punda Aliyeogopa Mfereji

1. Jinsi alivyoanza kukataa

Katika Mkoa wa Simiyu watu wengi huteka maji mbali na nyumba zao. Mto Simiyu, ushukao mpaka Ziwa Victoria, huwa na maji mengi wakati wa mvua. Lakini kiangazi kikiingia, maji huzama chini ya mchanga, na watu huchimba visima vifupi mtoni ili wayapate. Ndiyo maana mwenye punda huko huhesabiwa kuwa mtu aliyepata msaada mkubwa.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Bariadi alikuwako kijana wa miaka 13. Kazi yake kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, ilikuwa kwenda mtoni pamoja na punda jike wa baba yake. Njiani palikuwa na mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, upana wake kama hatua moja ya mtu mzima. Punda alizoea kuuruka bila kuambiwa neno.

Siku moja ya mwezi wa Mei, baada ya mvua ya mwisho, kijana alichelewa kuamka. Ili asiende mtoni mara mbili, alimtwika punda madumu manne ya lita 20 kila moja. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi mnyama yule alibeba kilo 80. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa huteleza kama sabuni. Punda aliporuka, miguu yake ya mbele iliteleza, akaanguka kifudifudi, na mzigo ukamjia shingoni. Goti likachubuka, na maji yote yakamwagika.

Kesho yake punda alifika ukingoni akasimama. Kijana akavuta kamba. Punda akarudi nyuma. Akatwaa fimbo akampiga. Punda akatetemeka, masikio yakalala nyuma, lakini hakuinua mguu. Ikawa hivyo siku ya pili na ya tatu. Mama na dada zake wakaanza kubeba maji kichwani, naye kijana akawa akifika shule saa tatu, wenzake wamekwisha anza hesabu.

Baba akasema, "Tukimaliza kuchuma pamba nitampeleka mnadani. Punda asiyevuka ana faida gani?"

Kijana akahuzunika sana, maana alimlea punda yule tangu kuzaliwa kwake. Tena alijua ya kuwa kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe, wala hakuwa amemwambia mtu habari ya yale madumu manne.

2. Shauri la babu

Jioni alimwendea babu yake, aliyefuga ng'ombe na punda maisha yake yote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso wako umekunjamana?"

Kijana akaeleza yote, hata habari ya mzigo. Mzee hakumkaripia. Alisema, "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Punda huyu hana kiburi, anakumbuka. Twende tukamtazame."

Wakamkagua kwa taa. Goti lilikuwa bado limevimba, na chini ya sogi, mahali pa kuegemea mzigo, palikuwa na kidonda ambacho kijana hakukiona. Babu akasema, "Kabla hujauliza habari za moyo, uliza habari za mwili. Mnyama aumwaye hafundishiki." Basi wakaosha vidonda kwa maji safi yenye chumvi, wakamwita bwana mifugo akatoa dawa, na kwa siku kumi punda hakutwikwa kitu.

Katika siku zile babu alimfundisha kijana mambo mawili.

La kwanza ni habari ya macho. Macho ya punda yako kandoni mwa kichwa. Kwa hiyo huona mbele, pembeni na karibu nyuma yake yote. Lakini kitu kilicho chini kabisa ya pua yake hakioni vizuri. Akitaka kujua mfereji una kina gani, sharti ainamishe kichwa autazame na kuunusa. "Nawe," babu alisema, "ulipovuta kamba ulimwinua kichwa. Ulimtaka aruke asipopaona."

La pili ni habari ya woga. Ng'ombe au farasi akiogopa, mara nyingi hukimbia. Punda, ambaye asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, mara nyingi husimama kwanza, apate kupima hatari. Watu humwona akisimama, wakamwita mkaidi. Wakimpiga, hupata maumivu palepale anapoogopa. Na kesho huogopa mambo mawili, mfereji na fimbo.

3. Kazi ya kila siku

Vidonda vilipopona, kazi ilianza nyumbani, si mfereji ulipo.

Kwanza kijana alilaza ufito chini uani, akamwongoza punda auvuke kwa miguu, bila mzigo, kamba ikiwa imelegea. Alipovuka alipewa pumba kidogo na kukunwa shingo, na kazi ya siku ile ikaisha. Babu alisema ya kuwa somo sharti likome mnyama anaposhinda, si anapochoka.

Siku zilizofuata fito zilikuwa mbili, kisha gogo jembamba, kisha kishimo kidogo ambacho kijana alikichimba kwa jembe. Kila jambo lilirudiwa mpaka punda alipolifanya bila kusita. Ndipo lilipoongezwa jambo jingine.

Wakati huohuo waliutengeneza mfereji wenyewe. Walichonga kingo zake zisiwe wima, wakapanga mawe bapa mahali pa kukanyaga. Maana woga wa punda ulikuwa na sababu ya kweli: njia ilikuwa mbaya. Kumtuliza mnyama na kuiacha hatari mahali pake ni kumdanganya.

Siku ya kwenda mfereji ulipo, walimwazima punda mzee wa jirani, atangulie. Yule mzee akavuka polepole. Punda jike akasimama, akainamisha kichwa, akanusa mawe. Kijana alisimama kimya kando yake, kamba mkononi, asiivute. Muda ulipita mrefu. Kisha punda akatia mguu mmoja, akatia wa pili, akavuka.

Lakini siku ya nne kijana alikosa tena. Alipoona mambo yamekuwa mema, alimtwika madumu mawili yaliyojaa. Punda akafika ukingoni akakataa. Kijana akashika fimbo, akakumbuka, akaitupa. Alishusha madumu, akamvusha punda mtupu, kisha akayabeba mwenyewe moja moja hata ng'ambo. Kesho yake alianza na sogi tupu, siku ya pili akaweka madumu mawili matupu, kisha akatia maji nusu. Aliporudi nyuma hatua moja hakupoteza kazi yake, aliiokoa. Mwenda pole hajikwai.

4. Farasi wa nchi nyingine

Jambo hili halikupata punda peke yake. Katika nchi nyingi farasi hufundishwa kuruka vizuizi, na mchezo huo ulionekana katika Olimpiki ya Paris mwaka 1900. Huko Usukumani farasi ni nadra sana. Tena mahali pengi pa Afrika mbung'o wamewaua farasi kwa ugonjwa wa nagana. Lakini farasi aliyeanguka au kuumia hukataa kizuizi kama punda yule alivyokataa mfereji, na walimu wake hufanya yaleyale: huukagua mgongo, miguu na matandiko yake, huweka ufito chini, huuinua kidogo kidogo, na humtafutia farasi mwenzake wa kumtangulia.

Wala elimu hii si mpya. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu juu ya farasi. Aliwaonya watu wasimwendee farasi kwa hasira. Alieleza pia ya kuwa farasi apigwaye mbele ya kitu akiogopacho huzidi kukiogopa, kwa sababu hudhani kwamba kitu kile ndicho kilichomletea maumivu. Babu wa Bariadi hakupata kukisoma kitabu kile, bali alijifunza neno lilelile kwa kutazama wanyama.

5. Mwisho wa habari

Pamba ilipokwisha kuchumwa, baba alitoka alfajiri kwenda kuona kwa macho yake. Punda alifika mferejini na madumu mawili yaliyojaa, akainamisha kichwa, akavuka, akaendelea na safari yake kama zamani.

Baba akauliza, "Ulimfanyia dawa gani?"

Kijana akajibu, "Baba, kwanza nisamehe. Aliangukia mfereji kwa sababu nilimtwika madumu manne siku ya utelezi, nami nilikuficha." Kisha akaeleza yote.

Baba akanyamaza kidogo. Akasema, "Tangu leo ni madumu mawili. Siku ya haja kubwa utakwenda mara mbili, nawe utaamka mapema." Siku ya mnada alikwenda na mbuzi wawili, punda akabaki nyumbani.

Maswali

1. Madumu manne ya lita 20 yana uzito wa kilo ngapi? Na mawili je?
2. Kwa nini haifai kumvuta punda kwa kamba awapo ukingoni mwa mfereji?
3. Babu alikagua nini kabla ya kuanza mafundisho? Kwa sababu gani?
4. Kijana alipokosa siku ya nne, alifanya nini badala ya kupiga?
5. Taja mnyama wa kazi wa nyumbani kwenu. Eleza jambo analoliogopa, na hatua tatu za kumwondolea woga huo.