Sanaa ya Dhana katika Filamu na Gemu: Mwanafunzi wa Kiislamu Aanzie Wapi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Somo letu linahusu sanaa ya dhana, yaani ile michoro inayochorwa kabla filamu haijapigwa au gemu haijatengenezwa. Wapo miongoni mwetu wenye kipaji cha kuchora ambao wamesikia kwamba kuchora kote ni haramu, wakaiweka kalamu chini. Wapo wengine waliojitosa bila kuuliza, na wanapofika mwaka wa mwisho hawana kazi za kumwonyesha mwajiri wala hawajui mpaka wao wa dini uko wapi. Makundi yote mawili yanahitaji kuijua kazi yenyewe kwanza.

1. Kazi yenyewe ni ipi?

Mwandishi wa filamu anaweza kuandika maneno matano tu: "mji ulioachwa katikati ya jangwa." Maneno hayo hayatoshi kujenga chochote. Nyumba ni za mawe au za udongo? Watu walipata wapi maji? Upepo unavuma kutoka upande gani, na mchanga umejaa kwenye ukuta upi? Mchoraji wa dhana ndiye anayejibu maswali haya kwenye karatasi, wakati kosa linafutika kwa kifutio. Likigundulika seti imeshajengwa na mafundi wameshalipwa, kosa hilohilo linagharimu fedha nyingi.

Kazi huenda kwa hatua. Mkurugenzi wa sanaa hutoa maelezo. Mchoraji hukusanya picha na maandishi ya marejeo. Kisha huchora michoro midogo mingi, kila mmoja ukubwa wa kiberiti, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Michache huchaguliwa na kuendelezwa. Mwisho huchorwa karatasi ya ujenzi: kitu kikionekana mbele, ubavuni na nyuma, pamoja na maelezo ya vipimo na malighafi, ili fundi wa seti au mtengenezaji wa maumbo ya pande tatu kwenye kompyuta asibaki akikisia.

Chukua mfano wa Ralph McQuarrie. Aliwahi kuchora michoro ya kiufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1975 George Lucas alimpa kazi ya kuchora matukio ya filamu ya Star Wars, ambayo ilitoka mwaka 1977, na michoro yake ilisaidia kuishawishi studio iliyotoa fedha. Alipofika kwa mhusika Darth Vader, aliona kwamba mtu huyu angepita angani kutoka chombo kimoja hadi kingine. Je, atapumuaje? Ndipo akamvisha barakoa ya kupumulia. Umbo lililokuja kujulikana dunia nzima lilitokana na swali la kawaida kabisa. Hii ndiyo siri ya fani hii: studio hununua fikra iliyo nyuma ya mchoro, na uzuri wa mkono huja kuibeba fikra hiyo.

2. Mipaka ya dini

Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba mtu mmoja alimjia Ibn Abbas (R.A.) akamweleza kuwa riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, naye hutengeneza picha. Ibn Abbas akamsimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu adhabu ya watengenezaji picha. Mtu yule alishtuka sana, uso ukambadilika. Hapo Ibn Abbas akamwelekeza kwamba, ikiwa hana budi kuendelea na kazi hiyo, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Tuzingatie jambo moja katika tukio hili. Ibn Abbas hakuificha hukumu ili kumfurahisha muulizaji, wala hakumwacha arudi nyumbani bila riziki. Alimwonyesha mlango uliokuwa wazi.

Wanazuoni wametofautiana katika mengi ya mlango huu. Wapo wanaokataza mchoro wowote wa mkono wenye kiumbe chenye roho, na msimamo huu ni mkali katika madhehebu ya Imam Shafi'i ambayo wengi wetu tunayafuata. Wapo, hasa miongoni mwa Maliki, wanaotofautisha kati ya sanamu yenye kivuli na mchoro bapa wa karatasini. Mwandishi wa makala si mufti. Peleka suala lako kwa sheikh unayemwamini, na umweleze kazi yako kwa ukweli bila kuipamba.

Lakini elewa kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihusu viumbe. Majengo, milango, taa, mashua, magari, zana, vyombo vya nyumbani, misitu, milima na hali ya hewa vyote vinahitaji mchoraji, na studio kubwa huajiri watu wa mazingira na vifaa peke yao. Katika Sura Sabaa tunasoma kwamba Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na kuagizwa azipime vizuri pete za deraya. Kubuni kifaa kwa kipimo sahihi ni kazi iliyofanywa na Mtume wa Allah.

Mpaka wa pili ni maudhui. Picha za uchi, kuwatukuza waabudiwa wasiokuwa Allah, na kuwachora Mitume ni mambo usiyosubiri kuyafikiria siku mkataba uko mezani na kodi ya chumba inadaiwa. Yaandike leo, ukiwa huna njaa.

3. Mambo ya kujifunza

Kwanza, kina. Jifunze mstari wa upeo, ambao siku zote uko usawa wa jicho la mtazamaji, na nukta ambako mistari sambamba huonekana kukutana. Anza na nukta moja: chora korido ya hosteli. Kisha nukta mbili: chora kona ya jengo la maktaba. Kisha tatu: simama chini ya mnara wa msikiti, tazama juu. Anayeweza kuchora sanduku kutoka upande wowote bila kukosea anaweza kuchora mji, kwa sababu mji ni masanduku mengi.

Pili, mwanga na kivuli. Al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyefariki karibu mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na baadaye msanii wa Italia Lorenzo Ghiberti alikitegemea katika maandishi yake. Kwa miezi mitatu chora kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu. Mchoro usiosomeka bila rangi hautaokolewa na rangi.

Tatu, malighafi. Jua udongo hupasuka vipi, bati huota kutu wapi, na kamba huchakaa sehemu gani. Nenda kwa fundi seremala na fundi wa kuchomelea, omba ruhusa, kaa uchore zana zao.

Nne, programu. Krita ya kuchorea na Blender ya maumbo ya pande tatu zote ni za bure. Tableti ya kuchorea ikipatikana ni heri, lakini mwaka wa kwanza penseli na daftari vinatosha. Usikope kununua mashine kabla mkono haujajua sanduku.

4. Zoezi: kumchora mtu bila kumchora

Mwezi Oktoba 2023 ilitoka gemu ya Assassin's Creed Mirage, ambayo matukio yake yako Baghdad ya karne ya 9. Mji wa duara ulioanzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762 ulikuwa na milango minne: wa Kufa, wa Basra, wa Khurasan na wa Sham, na katikati kasri na msikiti. Leo hakuna ukuta wake uliosimama. Studio iliyotengeneza gemu hiyo ilitafuta msaada wa wanahistoria, na mamilioni ya vijana duniani sasa wana picha ya Baghdad vichwani mwao. Historia yetu itachorwa, tushiriki au tusishiriki.

Sasa tuje hapa nyumbani Uganda. Mwaka unaotajwa wa Uislamu kufika Buganda ni 1844, pale mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alipofika katika jumba la Kabaka Suuna II. Zoezi lako ni hili: chora mahali ambapo msafiri huyu anasali Alasiri yake, naye mwenyewe asionekane.

Anza na marejeo. Nyua zilikuwa za matete, nyumba za kuezekwa kwa nyasi, na nguo za gome la mti wa mutuba, ambalo mafundi wa Buganda wanaligonga mpaka leo. Unaweza kutazama nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, lakini kumbuka kwamba ilijengwa mwaka 1882, ikaungua mwaka 2010 na kujengwa upya. Iko mbele ya tukio letu kwa miaka 38, kwa hiyo jiulize ni kipi kingeweza kuwepo na kipi hapana.

Kisha fikiri. Msafiri aliyetembea miezi kadhaa kutoka pwani ana mkeka wa namna gani? Umechakaa wapi? Bila shaka pale paji la uso, viganja na magoti hugusa. Birika la udhu liko upande gani, na ardhi imelowa wapi? Viatu vimeachwa vipi?

Mwisho, mwanga. Kibla kutoka Buganda ni kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Wakati wa Alasiri jua liko magharibi, hivyo vivuli vianguke kulia kwa anayesali. Urefu wake pia unaujua kutoka darasa la fiqhi: Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri. Basi nguzo ya uzio yenye urefu wa mita mbili itoe kivuli cha mita mbili na ziada kidogo. Ukichora kivuli kifupi umechora Adhuhuri, na Muislamu yeyote makini atakuona.

Chora michoro midogo 20, chagua 3, maliza 1, kisha tengeneza karatasi ya ujenzi ya birika. Hilo ni zoezi la wiki mbili. Ukilimaliza vizuri una kurasa za kwanza za potifolio yako.

5. Kuhusu ajira

Tusidanganyane. Miaka ya 2023 na 2024 kampuni nyingi za gemu duniani zilipunguza wafanyakazi, na programu za akili bandia sasa hutoa picha kwa sekunde chache. Nafasi za wanaoanza zimebana. Kwa hiyo usiache shahada yako kwa ajili ya ndoto hii. Anayesoma usanifu majengo, uhandisi au historia ana hazina ambayo mchoraji mtupu hana, na mkono uliojifunza haya utatumika pia katika vitabu vya watoto, matangazo na michoro ya majengo yatakayojengwa. Kinachokulinda ni kuweza kueleza kwa nini kivuli kiko pale, na kukibadilisha mteja anapobadilisha saa ya tukio.

Na ulinde amana. Michoro ya mradi ambao haujatoka ni siri ya mwenye mradi, usimtumie hata rafiki. Ukitumia picha ya mtu mwingine ndani ya kazi yako, pata ruhusa na useme. Potifolio yenye kurasa 10 zilizo zako kweli ni bora kuliko 40 zenye jasho la wengine.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Ni kazi gani ungeikataa hata kama malipo yake yangemaliza ada yako? Kwa dalili ipi?
2. Chagua kifaa kimoja chumbani mwako. Kila sehemu ya umbo lake inajibu swali gani?
3. Ni tukio gani la historia ya Waislamu wa eneo lako ambalo bado halijachorwa, na ni nani mzee wa kuulizwa kabla hajaondoka?

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na aibariki mikono yetu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.