Ndugu yako anaumwa saratani: unadaiwa nini, na udai nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na kaka au dada yake. Kumuuguza ndugu huyo angali hai, haimpi hata siku moja. Ugonjwa unaotajwa katika kifungu cha 34 cha sheria hiyo ni wa mtoto wa mfanyakazi tu. Wapo wapishi wa lodge za Karatu na madereva wa watalii wa Ngorongoro ambao hulijua jambo hili siku wanapoomba ruhusa ya kumpeleka dada yao hospitali ya KCMC, Moshi. Naliona pengo hili kuwa la kikatili, na wabunge wetu wanapaswa kuliziba. Lakini kwa leo tufanye kazi na sheria iliyopo: tumia likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 28, na zikiisha omba likizo bila malipo. Omba kwa barua, ubaki na nakala. Ruhusa ya mdomo haina shahidi msimamizi akibadilishwa.

Kama mgonjwa mwenyewe ni mwajiriwa, hali yake ni nafuu zaidi. Ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Akiachishwa kazi kwa sababu anaumwa, ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimalizia wodini. Wewe ndugu yake zihesabu kwa niaba yake.

Sasa tuingie kwenye fedha. Hakuna sheria ya Bunge inayomlazimisha mtu kulipa bili ya hospitali ya kaka au dada yake mtu mzima. Mila na imani zetu zinatutaka tubebane, na ni jambo jema, lakini deni la kisheria huzaliwa na sahihi yako. Unapomlaza mgonjwa hospitali ukakabidhiwa fomu, soma palipoandikwa mdhamini au mlipaji. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anabeba deni lote sawasawa na mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Unaweza kujiandikisha kama ndugu wa karibu wa kupigiwa simu bila kuwa mdhamini. Na kama umeamua kudhamini, andika kiasi unachokiweza, na si zaidi.

Kabla hujauza chochote, dai kwanza kile ambacho Serikali imeahidi. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imeitaja saratani miongoni mwa magonjwa sugu ambayo wagonjwa wake wanastahili msamaha wa gharama katika hospitali za umma, na imewataja pia wasio na uwezo kwa jumla. Msamaha huo haumfuati mgonjwa kitandani. Anza kwa barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya, uende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, yeye ndiye anayefanya tathmini. Ifanye kazi hii ukiwa bado Karatu, Endulen au Wasso. Ukishafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kumrudia mtendaji wa kijiji kwa mhuri mmoja ni safari ya siku mbili na nauli ambayo ingenunua dawa. Barua ya rufaa nayo isikosekane, kutoka zahanati hadi hospitali ya Mount Meru na kwenda juu, kwa sababu anayeruka ngazi hujikuta akilipia alichostahili kusamehewa.

Je, bima yako ya kazini? Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Kaka yako mwenye umri wa miaka arobaini si mtegemezi wako mbele ya Mfuko, hata kama unamlisha wewe. Kumpa kadi yako aitumie kwa jina lako ni udanganyifu, na unaweza kuwaponza nyote wawili. Nayo CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo kaya ya watu sita iliingia kwa shilingi 30,000, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, wakati mionzi ya saratani haitolewi huko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Muulize mtendaji wako kama kaya ya ndugu yako imo katika orodha ya utambuzi, na kama haimo, ufuatilie mpaka iingie.

Ninachokiogopa kuliko bili yenyewe ni namna familia zinavyouza mali kwa pupa. Ukiwa na shamba la vitunguu Mang'ola au la mahindi katika kijiji chochote cha Karatu, mnunuzi atakuja na fedha mkononi jioni ileile habari zikienea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki ya kimila upitishwe na Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyosainiwa kwa balozi wa nyumba kumi pekee haitoshi, na mauziano ya namna hiyo yamewahi kubatilishwa mahakamani miaka mingi baadaye, muuzaji akiwa amekwisha kuzitumia fedha. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, ndivyo kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinavyosema. Kwa hiyo kaka anayetaka kuuza nyumba ili dada yake atibiwe, aanze na mkewe.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro hali ni nyingine. Kilimo kimepigwa marufuku humo, na ardhi si ya kuuzwa na mkazi, kwa hiyo matibabu yanalipwa kwa ng'ombe. Katika boma la Kimaasai ng'ombe wengi wamekwisha kugawiwa nyumba za wake. Anayewapeleka mnadani bila kuzungumza na mama mwenye nyumba hiyo anaanzisha kesi ya pili juu ya ugonjwa. Ketini kikao, mkubaliane ni ng'ombe gani, na katibu aandike.

Kuandika ndiko ninakosisitiza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha unayompa mgonjwa ni zawadi au ni mkopo? Mchango wa shangazi ni wa dawa pekee au hata wa chakula cha anayemuuguza? Mgonjwa akifariki, maswali haya hufika Mahakama ya Mwanzo kama shauri la mirathi, na aliyelipa zaidi ndiye mara nyingi asiye na risiti. Mkopo wenye maandishi yaliyosainiwa unaweza kudaiwa kwa msimamizi wa mirathi, ulipwe kutoka mali ya marehemu. Zawadi hairudishwi.

Mikopo ya riba ya kunyonya, iitwayo kausha damu, iepuke. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na riba imewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayeishikilia kadi yako ya benki na namba yake ya siri hana haki hiyo hata kidogo.

Mkianzisha kundi la WhatsApp la kuchangishana, mgonjwa aridhie kwanza. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya dada yako akiwa na titi lililofungwa bandeji ni yake yeye. Vivyo hivyo uamuzi wa matibabu. Mtu mzima mwenye akili timamu huamua mwenyewe, hata kama bili unailipa wewe.

Wilaya ya Ngorongoro ina kumbukumbu yake katika suala hili la kuchagua tiba. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali. Tiba asili ni halali, lakini sheria yake ya mwaka 2002 inataka mganga awe amesajiliwa. Muulize cheti chake kabla hujamlipa, na umweleze daktari kila anachokunywa mgonjwa.

Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anasaidiwa bure. Waulizie wasaidizi wa kisheria kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako, Karatu au Ngorongoro. Nenda na barua ya rufaa, risiti zote na fomu uliyopewa hospitali, kabla hujaisaini.