Pwani Salama, Pwani Endelevu: Somo kwa Familia Zinazotembelea Visiwa vya Stockholm

Mashariki ya jiji la Stockholm, katika Bahari ya Baltiki, kumetapakaa visiwa, vijisiwa na miamba ipatayo 30,000. Kila kiangazi familia nyingi huenda huko kuogelea, kuvua samaki, kuokota matunda ya porini na kupumzika. Boti za abiria za Waxholmsbolaget huwafikisha wasafiri katika visiwa vingi, kama vile Vaxholm, Grinda, Finnhamn na Utö, na asiye na boti wala nyumba ya mapumziko anayo nafasi sawa na mwingine ya kuifurahia pwani hiyo.

Somo hili limekusudiwa familia zinazozungumza Kiswahili. Linaeleza hatari zinazoweza kuepukwa, haki alizo nazo kila mkazi, na wajibu unaoambatana na haki hizo.

1. Bahari hii si ile iliyozoeleka

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Aliyekulia Bagamoyo au Lamu anaijua bahari. Aliyekulia Uvira au Kigoma analijua Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, ujuzi huo hautoshi katika Bahari ya Baltiki, kwa sababu tatu.

Kwanza, ni baridi. Mwezi Mei na Juni jua huweza kuwaka vizuri ilhali maji yangali baridi sana. Mtu anayejitupa ghafla ndani ya maji hayo hushtuka, pumzi humpanda, na huweza kumeza maji kabla hajapiga mkono mmoja. Hata muogeleaji hodari aingie polepole, karibu na ufuko, na asiwe peke yake.

Pili, kina hubadilika kwa ghafla. Katika pwani ya Zanzibar maji hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti hufikia takriban mita 4; mtoto hujifunza mapema kusoma mwendo wa maji. Baltiki karibu haina kujaa wala kupwa. Ufuko mwingi ni wa miamba iliyolainika, na hatua moja kutoka mwambani huweza kumtumbukiza mtu mahali asipofika chini. Miamba iliyoota mwani huteleza mno.

Tatu, maji yake yana chumvi kidogo. Karibu na Stockholm kila lita ina takriban gramu 5 hadi 6 za chumvi, ilhali katika Bahari ya Hindi ni takriban gramu 35. Kwa hiyo mwili hauelei kwa urahisi uleule. Hata hivyo, maji hayo hayafai kunywewa. Kila familia ichukue maji yake ya kunywa.

2. Mtoto na maji

Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Huzama kimyakimya, hata watu wazima wakiwa hatua chache tu. Kwa sababu hiyo, katika kila safari atajwe kwa jina mtu mzima mmoja anayewaangalia watoto, naye aweke simu mfukoni. Akichoka, ampokeze mwingine kwa kutamka. Panapokuwa na watu wazima wengi, kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeangalia, na hapo ndipo msiba hutokea.

Mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali na mkono wa mtu mzima. Maboya ya kuchezea na magodoro ya kujaza hewa hayamlindi mtoto. Upepo huyasukuma haraka kuelekea maji makuu. Ndani ya boti na kwenye gati, wakubwa kwa wadogo wavae jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wao. Familia isiyo na majaketi inaweza kuuliza katika Fritidsbanken, ambako vifaa vya michezo na matembezi huazimwa bila malipo kwa siku 14.

Nchini Sweden mtu huhesabiwa kuwa anajua kuogelea iwapo anaweza kuanguka katika maji ya kina, kuinua kichwa juu ya maji, kisha kuogelea mita 200, ambazo 50 kati yake ni za chali. Shuleni mwanafunzi hutakiwa kuweza kuogelea mita 200, zikiwamo 50 za chali, ifikapo mwisho wa darasa la 6. Mzazi aliyemleta mtoto Sweden akiwa na umri mkubwa azungumze na mwalimu mapema. Watu wazima nao wanaweza kujifunza, na baadhi ya mabwawa huwa na saa za wanawake peke yao. Hakuna aibu kujifunza ukubwani.

Mtu akionekana anazama, anayemwona apaze sauti, apige simu 112 na amtupie kitu kinachoelea: boya, kamba, hata chupa kubwa tupu iliyofungwa. Asijitupe majini bila kitu cha kuelea, kwani anayezama humkumbatia mwokozi na wote wawili huweza kuangamia. Ajali ikiwa baharini, mpigaji simu aseme neno *sjöräddning*, yaani uokoaji wa baharini. Mhudumu wa 112 huendelea kumwelekeza mpaka msaada ufike.

3. Maji, mwani na vidonda

Mwezi Julai na Agosti maji huweza kufunikwa na utando wa kijani au manjano unaofanana na rangi iliyomwagika. Hali hiyo huitwa *algblomning*, na baadhi ya viumbe vinavyoisababisha hutoa sumu. Mtu akisimama katika maji yanayofika magotini na asione miguu yake, asiogelee. Watoto wadogo na mbwa wamo hatarini zaidi kwa kuwa huyameza maji. Dalili ni kutapika, kuhara, homa na muwasho wa ngozi au macho.

Maji yakipita nyuzi joto 20, bakteria waitwao vibrio huzaliana kwa wingi katika maji yenye chumvi kidogo. Huweza kuingia kwenye kidonda na kusababisha maambukizi makali. Huu si ugonjwa wa kipindupindu ambao wengi wanaufahamu, ingawa bakteria wake ni wa jamii moja. Mwenye kidonda kibichi asiogelee wakati wa joto kali, hasa akiwa mzee, mgonjwa wa ini au mwenye kinga dhaifu. Kidonda kikivimba na kuwa chekundu baada ya kuogelea, mgonjwa amwone daktari upesi na aeleze kwamba aliogelea.

Fuko nyingi za kuogelea hupimwa ubora wa maji wakati wa kiangazi. Kibao chenye neno *badförbud* maana yake ni kwamba kuogelea kumekatazwa.

4. Kupe

Visiwani, hasa kwenye nyasi ndefu na vichaka, kuna kupe. Hueneza magonjwa mawili makubwa. Ugonjwa wa TBE hushambulia ubongo na hauna dawa ya kuuponya, lakini unayo chanjo, na visiwa vya Stockholm ni miongoni mwa maeneo yenye hatari hiyo. Borrelia haina chanjo ya kutumika hapa, lakini hutibiwa kwa antibiotiki.

Jioni kila mmoja akaguliwe: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe nje, kisha mahali hapo pasafishwe. Akitolewa mapema, uwezekano wa kuambukizwa borrelia hupungua. Doa jekundu linalopanuka siku au wiki kadhaa baadaye, au homa na maumivu makali ya kichwa, ni sababu ya kutafuta matibabu. Ushauri wa afya hupatikana kwa simu 1177 saa zote, na katika kituo cha afya mgonjwa anaweza kuomba mkalimani (*tolk*) wa Kiswahili.

5. Samaki wa kula

Mtu yeyote anaruhusiwa kuvua kwa ndoano na mshipi katika pwani ya Baltiki ya Stockholm bila kulipia kibali, mradi afuate kanuni za eneo, saizi na msimu. Nyavu zina sheria nyingine.

Samaki ni chakula bora, lakini baadhi ya samaki wenye mafuta wa Baltiki wamebeba dioksini na PCB, sumu zinazojilimbikiza mwilini kwa miaka mingi. Miongoni mwao ni *strömming*, samaki mdogo anayewakumbusha wengi dagaa, pamoja na salmoni wa porini wa bahari hii. Mamlaka ya Chakula ya Sweden, Livsmedelsverket, inashauri kwamba watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wanawake wanaotarajia kuzaa siku zijazo wasile samaki hao zaidi ya mara 2 hadi 3 kwa mwaka. Watu wengine wasizidishe mara moja kwa wiki. Kukaanga au kukausha hakuondoi sumu hizo. Salmoni wa kufugwa na samaki kutoka bahari nyingine hawahusiki na ushauri huu wa dioksini.

6. Haki ya wote na wajibu wa wote

Sweden inayo haki iitwayo *allemansrätten*, inayotajwa katika katiba ya nchi. Kila mtu anaweza kutembea porini, kuogelea, kuokota matunda na uyoga, na kulala hemani kwa usiku mmoja, hata katika ardhi ya mtu mwingine, mradi asikaribie makazi na asiharibu mazao. Msingi wake ni maneno mawili: usisumbue, usiharibu.

Baadhi ya vijisiwa hufungwa msimu wa ndege kutaga na kulea makinda. Kibao cha manjano au chenye maneno *tillträde förbjudet* huonyesha tarehe na umbali wa kuzingatiwa. Ndege akikimbizwa kiotani, mayai hupoa na makinda hufa. Jambo hili si geni Uswahilini. Huko Zanzibar, miamba ya matumbawe ya kisiwa cha Chumbe ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na wavuvi wa vijiji vya jirani walifunzwa kuwa walinzi wake. Ndio waliowaeleza wavuvi wenzao kwa nini samaki waachwe wazaane. Hifadhi hulindwa vizuri zaidi na watu wanaoelewa sababu yake.

Moto usiwashwe juu ya mwamba mtupu, kwani mwamba hupasuka na kovu lake halifutiki. Itumike sehemu maalumu ya kuchomea nyama. Likitangazwa *eldningsförbud*, kuwasha moto porini ni kosa la kisheria. Takataka zote zirudi nyumbani na wenyewe. Tangu Aprili 2015 ni marufuku boti za starehe kumwaga maji ya choo baharini, kwa kuwa Baltiki ni bahari iliyozingirwa na nchi kavu, na maji yake huchukua takriban miaka 30 kubadilika.

7. Kabla ya kuondoka nyumbani

– Ratiba ya boti ya mwisho ya kurudi ijulikane. Katika magati madogo abiria huinua kibao cha ishara ili boti isimame. Asipoinua, huenda ikapita.
– Utabiri wa hali ya hewa na upepo usomwe.
– Simu iwe imejaa chaji, na mtu aliyebaki nyumbani aambiwe safari inaelekea wapi.
– Maji ya kunywa, nguo kavu, kibano cha kupe na mfuko wa takataka vifungashwe.

Maswali ya kujadiliwa na familia

1. Nani katika familia yetu anaweza kuogelea mita 200? Nani bado, na atajifunza lini?
2. Tukiwa ufukoni, nani atawaangalia watoto, na atampokeza nani?
3. Je, kila mtoto anajua namba 112 na jina la kisiwa tunachokwenda?