Dau Simuni, Macho Kiwanjani

Zamani nyumba ya Kamembe, wilayani Rusizi, ikiuzwa kwa amri ya mahakama, watu walijaa uani, dalali akapaza sauti, mikono ikanyooshwa. Tangu 2020, Wizara ya Sheria ya Rwanda imehamishia minada hiyo kwenye cyamunara.gov.rw. Shabaha mojawapo ilikuwa kuwakwepa makomisheni, yaani madalali wa pembeni waliojuana na kupangiana bei, hata mdaiwa akauziwa mali kwa bei ya kutupa huku deni likimsubiri.

Uani sasa kumetulia, lakini bado kuna mambo ya kutazamwa huko. Ukitaka kununua mali ya mnada Rusizi, fuata hatua hizi.

1. Soma tangazo hadi mwisho. Angalia namba ya kiwanja (UPI), thamani iliyokadiriwa, mnada ni wa mara ya ngapi, na saa ya kufungwa. UPI ya Rusizi huanza na 3/06: 3 ni Mkoa wa Magharibi, 06 ni wilaya. Tarakimu zikiwa nyingine, kiwanja kiko kwingine.

2. Nenda ukaone. Tangazo hutaja siku za kutembelea mali na simu ya umuhesha w'inkiko, yaani dalali wa mahakama. Rusizi ni nchi ya milima: kiwanja kinachoonekana tambarare pichani huenda kimening'inia juu ya Ziwa Kivu. Waulize majirani nani anaishi humo, gari linafika wapi, na maji ya mvua hupita wapi. Kisha pita ofisi ya ardhi ya sekta uulize kinachoruhusiwa kujengwa, hasa kiwanja kikiwa ndani ya mita 50 kutoka ufukweni.

3. Lipa dhamana panapostahili. Dhamana ni 5% ya thamani ya mali. Nyumba ya faranga 20,000,000 inadai 1,000,000. Iweke benki, kwenye akaunti ya Wizara iliyoandikwa kwenye tangazo. Anayetaka umtumie kwa simu yake ili "akusaidie kushinda" ni tapeli.

4. Andika ukomo wako kwenye karatasi. Hesabu na gharama za matengenezo na za kuhamisha hati. Kabla ya kutuma dau, hesabu sifuri mara mbili. Usingoje dakika ya mwisho. Mtandao ukikatika, hakuna wa kukusubiri.

5. Linda nywila. Kama huna simu janja, wakala anaweza kukuonyesha njia, lakini nywila iwe yako peke yako.

Mfano wa kuigwa uko kwenye chai. Rusizi kuna kiwanda cha Shagasha, na chai nyingi ya Rwanda imekuwa ikiuzwa kwenye mnada wa Mombasa, ulioko mjini humo tangu 1969. Siku hizi wanunuzi wa huko hupandisha dau kwa kompyuta. Hata hivyo, kabla ya siku ya mnada hupelekewa sampuli, wakazichemsha na kuzionja, ndipo wakaamua bei.

Nyumba haitumwi kwa sampuli. Kama uko Kigali na safari ya kupita msitu wa Nyungwe imekushinda, mtume ndugu unayemwamini, akupigie simu akiwa amesimama uani.