Kunoa Patasi za Kukerezea Mti

Fundi akerezaye miguu ya viti huwa na kerezo, yaani mashine ishikayo kipande cha mti na kukizungusha upesi, naye hukikata kwa patasi. Patasi ikiwa butu haikati, huparuza tu. Ndipo mwanafunzi hukaza mikono na kusukuma kwa nguvu. Patasi hunasa ghafula, mti huruka, na mtu huumia. Basi asidhani mtu kwamba chombo butu ni salama kuliko kikali.

Tazameni ncha ya patasi. Nyuma ya makali upo uso ulioinama, nao tutauita mteremko. Mkerezaji huuegemeza kwanza juu ya mti uzungukao, kisha huinua mpini polepole hata makali yaanze kukata. Mteremko ndio uongozao makali. Ukiwa na nyuso mbili tatu, au umevimba kama tumbo, hauwezi kuegemea vema. Kwa hiyo anayenoa hana budi kulinda umbo lake kwanza.

Je, utajuaje kama jiwe linagusa mahali pake? Paka mteremko wote wino, au masizi yenye mafuta kidogo. Cherehe ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono, patasi iguse kidogo tu, kisha tazama. Wino ukitoka penye makali tu, shusha mpini. Ukitoka kisiginoni tu, uinue. Ukitoka toka kisigino hata makali, umepata. Wako wanaoona haya kutumia wino mbele ya mafundi. Ni haya ya bure, maana mafundi wengi hufanya vivyo hivyo.

Kwa bobari, yaani patasi yenye mfereji, ya kuchongea mti wa kwanza, mteremko wa digrii 45 hivi wafaa. Huna kipimo? Kunja karatasi ya mraba kona kwa kona: pembe kali uionayo ni digrii 45. Bobari huviringishwa jiweni pasipo kusimama. Ukisimama, patakuwa bapa.

Kabla ya kufunga jiwe, litundike kwa kamba, uligonge kwa mpini wa mti. Likilia wazi, ni zima. Likilia kama chungu chenye ufa, usilitumie kamwe. Vaa miwani ya kukinga macho, wala usisimame mbele ya jiwe linapoanza kuzunguka.

Tena, usikandamize. Patasi za pua ya kawaida zikipata moto hata makali yakawa na rangi ya buluu, ugumu umepotea, na sehemu ile yote huna budi kuiondoa. Zichovye majini mara kwa mara. Lakini patasi zilizopigwa chapa HSS huvumilia moto zaidi. Hizo usizitie majini zikiwa na moto, ziache zipoe zenyewe.

Na wakati wa kunoa tena ni upi? Maranda marefu yakikoma na vumbi likaanza kutoka, zima kerezo, urudi jiweni.