SOMO LA MWEZI: SAMAKI ASIYEANDIKWA HAHESABIWI



Kila asubuhi upelekapo maziwa kwenye chama cha ushirika, karani huyapima, akaandika kilo katika daftari lake na katika kadi yako. Huondoki kabla ya kutazama kama ameandika sawasawa, kwa maana wajua kwamba mwisho wa mwezi hutalipwa kwa maziwa uliyoyakamua, bali kwa maziwa yaliyoandikwa.

Mwezi huu tutajifunza habari za daftari jingine, liandikwalo mbali na shamba lako, katikati ya Bahari ya Hindi. Usiseme, "Mimi ni mkulima, bahari yanihusu nini?" Samaki walio katika bahari ya Kenya, kutoka pwani hadi maili 200 za baharini, ni haki ya wananchi wote, wa pwani na wa bara. Na haki hiyo hulindwa kwa kalamu na karatasi, kama haki yako ya maziwa.

1. SAMAKI ASIYE NA MPAKA

Jodari hakai mahali pamoja. Jodari wa mapezi ya njano, ambaye akikomaa aweza kupita kilo 100, huogelea katika bahari za nchi nyingi bila kuuliza mpaka. Yeye ni kama maji ya mfereji upitao katika mashamba mengi. Kila mtu akijifungulia maji bila kipimo, wa chini hukosa, na mwishowe hata wa juu hukosa, na hakuna ajuaye nani aliyechukua kiasi gani.

Kwa ajili hiyo mataifa yalipatana. Mapatano yalikubaliwa mwaka 1993 katika Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanza kutumika mwaka 1996. Ndipo ikaundwa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria katika nchi ya Shelisheli. Kenya ni mwanachama. Tume huangalia aina 16 za samaki, na mmoja wao ni nguru, ambaye wengi wenu mmepata kumla.

2. YAANDIKWAYO MELINI

Meli kubwa za jodari ni za namna mbili hasa. Kuna zile zitumiazo wavu mkubwa unaozungushwa kundi la samaki, kisha ukafungwa chini kama mdomo wa mfuko. Na kuna zile zinazotandaza mshipi mrefu wenye maelfu ya ndoana. Mshipi mmoja waweza kupita kilomita 100.

Meli yenye urefu wa mita 24 au zaidi lazima iandikishwe katika orodha ya Tume. Meli ndogo kuliko hiyo, ikivua nje ya bahari ya nchi yake, hufuata amri hiyo hiyo. Meli isiyo katika orodha haina ruhusa kuvua jodari huko.

Nahodha lazima awe na daftari la uvuvi. Humo huandika tarehe, mahali alipovua, ametupa ndoana ngapi au amezungusha wavu mara ngapi, na amepata samaki wa aina gani na kiasi gani. Daftari hilo hukaa melini kwa muda wa miezi 12 au zaidi, ili mkaguzi akija alikute.

Tena meli huwa na chombo kinachopeleka habari za mahali ilipo kwa njia ya setilaiti. Chombo kikiharibika, hupewa mwezi mmoja kitengenezwe au kibadilishwe, na baada ya hapo meli haina ruhusa kuanza safari nyingine nacho. Tena wako waangalizi wanaosafiri melini, wakaandika wanayoyaona kwa macho yao. Amri ya mwaka 2011 ilitaka watazame angalau 5 katika kila mitego 100 ya meli kubwa. Basi daftari la nahodha lina mashahidi.

3. MELI IJAPO BANDARINI

Wewe huwezi kuhamisha ng'ombe kaunti hata kaunti bila kibali, maana ugonjwa waweza kuhama nao. Meli ya kigeni nayo haiingii bandarini kimya kimya. Hupaswa kutoa habari saa 24 kabla ya kufika: jina lake, ruhusa yake, na samaki iliyobeba. Nchi yenye bandari yaweza kuikatalia. Tena kila mwaka nchi hiyo hukagua angalau mara 5 katika kila mara 100 samaki wanaposhushwa au kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine.

Mapatano ya dunia nzima juu ya jambo hili yalifanywa mwaka 2009, yakaanza kutumika mwaka 2016. Kenya iliingia mwaka 2017.

4. TAARIFA YA NCHI

Daftari za meli zikikusanywa, nchi yenye bendera hujumlisha hesabu na kuipeleka kwa Tume. Hesabu ya mwaka uliopita hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni. Meli za mshipi mrefu, ambazo hukaa sana baharini, hupeleka hesabu ya kwanza siku hiyo, na hesabu kamili kabla ya tarehe 30 Desemba.

Nchi isiyovua hata samaki mmoja wa aina fulani yapaswa kuandika sifuri. Kwa nini? Kwa sababu nafasi tupu haisemi kitu: labda hakuvuliwa samaki, au labda karani alilala. Nchi isiyotoa hesabu yaweza kukatazwa kuchukua samaki wa aina hiyo mpaka hesabu ifike.

5. HESABU YA JANA NI KIPIMO CHA LEO

Mwaka 2015 wataalamu walipopiga hesabu, waliona kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi. Mwaka 2016 Tume ikaamua hivi: nchi ambayo meli zake za wavu mkubwa zilivua zaidi ya tani 5,000 za samaki huyo mwaka 2014, ipunguze tani 15 katika kila tani 100. Angalia, msomaji. Kipimo hicho kilitoka katika hesabu za mwaka 2014, zilizoandikwa kabla mtu yeyote hajajua zitatumiwaje.

Hapo majaribu huja. Mmoja hupenda kuandika kidogo ili asipunguziwe. Mwingine hupenda kuandika nyingi ili apate fungu kubwa baadaye. Wote wawili huharibu mfereji wa watu wote.

Na kuna jambo kubwa zaidi kwa nchi kama Kenya. Mwaka 2011 wajumbe wa Tume walikutana Nairobi kuanza mazungumzo ya namna ya kugawana jodari, na mazungumzo hayo yamechukua miaka mingi. Swali moja gumu ni hili: meli ya kigeni ikivua ndani ya bahari ya nchi ya pwani, samaki hao wahesabiwe kwa nani? Nchi za mbali zimesema ni kwa mwenye meli. Nchi za pwani zimesema ni kwa mwenye bahari. Ni kama mtu aliyekodi shamba lako: je, mavuno yataandikwa kwa jina lake tu, hata isijulikane tena kwamba shamba ni lako?

Vyovyote itakavyoamuliwa, lazima kwanza ijulikane samaki huyo alivuliwa wapi. Ndiyo sababu nahodha haandiki kilo tu, huandika na mahali. Neno hilo moja likikosekana, nchi ya pwani haina ushahidi wa kuonyesha.

Ninyi mlio katika skimu za pwani, ambao mna ndugu wavuvi, waambieni kwamba hesabu ya mashua ndogo nayo ni ya lazima. Karibu nusu ya jodari na jamii yake katika Bahari ya Hindi huvuliwa na wavuvi wadogo. Mvuvi ashushapo samaki ufuoni, ampe karani wa BMU hesabu ya kweli.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nchi moja peke yake haiwezi kumlinda jodari?
2. Taja mambo manne ambayo nahodha huandika katika daftari.
3. Kwa nini sifuri huandikwa?
4. Katika chama chenu cha ushirika, ni nani aliyepata hasara kwa sababu hakuandika? Angefanya nini?