Herufi Zenye Thamani: Wayahudi Wanavyohesabu Maandiko

Kila muhula lazima izunguke meseji moja ya 666. Mtu kachukua jina la mwanasiasa au kampuni fulani, kaandika A ni 1, B ni 2, kajumlisha, na usiku huo hosteli nzima hailali. Maarufu kuliko zote ni ile ya neno la Kiingereza computer. Jumla ya herufi zake ni 111, ukizidisha kwa 6 unapata 666. Kwa nini kwa 6? Kwa sababu 111 peke yake haimtishi mtu.

Mimi nasoma hisabati, kwa hiyo karatasi hizi huletwa kwangu pale vimbwetani nizihakiki. Kujumlisha kwenyewe mara nyingi kuko sawa. Ila mchezo huu una wenyewe, na wenyewe wamebishana juu yake kwa karne nyingi kwa makini kuliko sisi. Wanauita gematria, neno lenye asili ya Kigiriki, na kwao ni njia mojawapo ya kusoma Maandiko. Chukua kalamu twende pamoja.

Kiebrania kina herufi 22, na kila herufi ni namba pia. Alefu ni 1, beti ni 2, hivyo hivyo mpaka yodi ambayo ni 10. Kutoka hapo unapanda kwa makumi: kafu 20, lamedi 30, mpaka kofu 100. Halafu reshi 200, shini 300, tavu 400. Hii haikuwa siri ya wachawi, ilikuwa namna ya kuandika namba. Sarafu za fedha za uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma, ulioanza mwaka 66 B.K., zina herufi za kuonyesha ni mwaka wa ngapi wa uasi. Wenzetu wa pwani hawatashangaa, maana abjadi ya Kiarabu ni ndugu wa damu: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, na thamani zinakwenda sambamba na za Kiebrania hadi 400. Ile 786 unayoiona imeandikwa mahali pa Bismillahi imetoka huko.

Sasa, kama kila herufi ni namba, kila neno ni jumla. Fungua Mwanzo 14:14. Lutu ametekwa na jeshi la wafalme wanne, na Abramu anatoka kumwokoa na watu 318. Kwa nini 318, siyo 300 kamili? Talmudi, katika kitabu cha Nedarimu, inatoa rai kwamba hawakuwa watu 318 hata kidogo. Alikuwa mtu mmoja: Eliezeri, mtumishi wa Abramu anayetajwa sura inayofuata. Hesabu: alefu 1, lamedi 30, yodi 10, ayini 70, zayini 7, reshi 200. Jumla 318.

Ona kilichobadilika. Hadithi ya vita vya kikosi imekuwa hadithi ya mzee na mtumishi wake dhidi ya wafalme wanne, na hapo ushindi hauwezi kuwa wa nguvu za mtu. Hilo ndilo fundisho lenyewe, namba imelibeba tu. Lakini subiri. Waraka wa Barnaba, maandishi ya Wakristo wa mwanzo, unaichukua 318 hiyo hiyo kwa Kigiriki: 300 ni herufi T, yenye umbo la msalaba, na 18 ni herufi mbili za kwanza za jina la Yesu. Mstari mmoja, namba moja, na kila mmoja kaondoka na alichokuja nacho.

Je, hesabu hizi zinaweza kuamua sheria? Hapa ndipo mimi naona utamu. Mtu aliyeweka nadhiri ya Mnadhiri hanywi divai wala hanyoi nywele. Asipotaja muda, nadhiri yake ni siku ngapi? Mishna inasema 30, bila kutoa sababu. Vizazi baadaye Talmudi inauliza: 30 zimetoka wapi? Rav Matna anajibu kwa Hesabu 6:5, penye neno yihyeh, yaani "atakuwa": yodi 10, he 5, yodi 10, he 5. Ni 30. Mwenzake, Bar Pada, anahesabu kitu kingine kabisa, ni mara ngapi maneno ya unadhiri yametajwa, na anapata 29. Siku moja tu ya tofauti, lakini kwa mtu anayesubiri wembe siyo kitu kidogo. Angalia mpangilio: sheria ilikuwepo kwanza, watu waliishika, hesabu ikaja baadaye kuitafutia msumari wa kuitundika kwenye Maandiko. Hakuna aliyekaa na kalamu akazua amri mpya.

Hivyo hivyo kwa amri 613. Rabi Simlai alizifundisha kuwa 365 za makatazo na 248 za kutenda. Neno Torati kwa Kiebrania, tavu 400, vavu 6, reshi 200, he 5, linatoa 611. Zimepungua mbili! Jibu la Talmudi ni kwamba 611 zilikuja kwa mkono wa Musa, na mbili za mwanzo wa Amri Kumi watu walizisikia kwa Mungu mwenyewe. Unaweza kusema ni ujanja. Mimi nasema ni ujanja wenye adabu, kwa sababu 613 haikuguswa.

Wapo Wayahudi wakubwa waliokataa. Ibn Ezra, mzaliwa wa Hispania wa karne ya 12, alipofika kwenye Eliezeri na 318 aliandika kwamba Maandiko hayasemi kwa gematria, kwani kwa njia hiyo mtu anaweza kuligeuza jina lolote kuwa jema au baya. Na huyu hakuwa mtu wa kuogopa namba, aliandika kitabu cha hesabu. Kihisabati yuko sahihi. Maneno ni maelfu, jumla zao nyingi zinaangukia chini ya 1000, lazima zigongane. Divai (yayini) ni 70 na siri (sodi) ni 70, Talmudi inatania kwamba divai ikiingia siri hutoka. Tamu sana, ila nayo ni mgongano tu. Isitoshe, ipo desturi ya kuongeza 1 kwa ajili ya neno lenyewe jumla zikikosana kidogo. Mwanafunzi wa takwimu hapo anacheka.

Kicheko kinakata mwaka 1665. Shabbetai Zvi, mtu wa Izmir, anatangazwa kuwa Masiya. Wafuasi wake wanahesabu jina lake: 814. Wanachukua Shadai, jina la Mungu, wanaandika kila herufi kwa jina lake kamili, shini 360, daleti 434, yodi 20. Ni 814. Hesabu haina kosa, nimeirudia mwenyewe. Kutoka Uturuki hadi Ulaya watu waliacha biashara wakafungasha mizigo kungoja safari ya Yerusalemu. Septemba 1666 akapelekwa mbele ya Sultani, akasilimu. Jina likabaki 814.

Pirke Avoti, mkusanyo wa maneno ya wahenga wa Kiyahudi, inaiweka gematria kwenye vikolezo vya hekima. Kwetu ningesema kachumbari. Inavyoliwa hadi leo utaiona kwenye harusi za Kiyahudi: neno "hai" ni heti 8 na yodi 10, kwa hiyo zawadi ya fedha hutolewa kwa mafungu ya 18, iwe 36, 54 au 180, na bwana harusi huipokea bila kuomba uthibitisho.